Kichwa Kinapona, Moyo Bado Unaruka: Vidokezo 12 kwa Aliyepata Mtikiso wa Ubongo

Umegongwa kichwa. Labda boda ilikumwaga karibu na mzunguko wa Westlands, labda ulikula kiwiko kwenye raga ya Jumamosi, labda ni mlango wa kabati la jikoni tu, ule ambao kila mtu nyumbani huambiwa aufunge na hakuna anayeufunga. Daktari amekuambia ni mtikiso wa ubongo, akakuandikia Panadol, akasema pumzika, utapona. Na kweli, watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili hivi. Watoto na vijana huweza kuchukua mwezi.

Lakini kuna jambo ambalo mara nyingi halitajwi pale dirisha la dawa: hofu. Unashuka ngazi umeshikilia ukuta. Matatu ikiruka tuta, mkono unakimbilia kichwani. Usiku unajiuliza kama maumivu haya ni yale ya jana au ni mapya. Pole sana. Na hapana, hujarukwa na akili. Wengi waliogongwa kichwa hupitia hapo hapo. Ninavyoona mimi, hofu ya namna hii hunenepa kwa kubahatisha. Ukiipa kipimo, inakonda. Basi twende, polepole, bila kukimbia kwenye ngazi.

1. Bandika hatari kwenye friji

Anza kwa kutenganisha hatari ya kweli na ile ya kuwaza. Chukua karatasi uandike: kutapika tena na tena, maumivu ya kichwa yanayozidi kadiri saa zinavyokwenda, degedege, kuchanganyikiwa au kuropoka, usingizi mzito usioamshika, mkono au mguu kulegea au kufa ganzi, ulimi kuwa mzito, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili, kuona vitu viwili viwili, damu au majimaji kutoka puani au masikioni. Ukiona hata moja, hospitali mara moja, iwe mchana au usiku wa manane. Namba za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapatikana kwa 1199. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au umri umepita miaka 65, usingoje dalili yoyote: kaonwe siku ile ile.

Na yale mengine? Uchovu, kichwa kizito, hasira zisizo na mwenyewe, mwanga kukuchoma macho, kusahau ulichofuata jikoni? Yanaudhi, lakini si dharura. Soma karatasi yako, uone hayapo, urudi kwenye chai. Saa nane za usiku karatasi hiyo itakufaa kuliko simu, maana mtandaoni kila maumivu ya kichwa huishia kwenye uvimbe.

2. Skani safi si tusi

“Wameniambia skani haina kitu, sasa mbona bado naumwa?” Swali zuri. Skani ya CT hutafuta damu iliyovuja ndani na mfupa uliovunjika. Mtikiso wa ubongo kwa kawaida hauachi alama hizo. Unavuruga utendaji wa chembe za ubongo kwa muda, na hilo picha ya kawaida hailioni. Kwa hiyo majibu safi yana habari mbili kwa pamoja: lile jambo la kutisha halipo, na wewe huigizi. Siku bosi au shemeji atakapokuuliza, “Si walisema uko sawa?”, sasa una jibu.

Ujanja mdogo: piga picha ya ripoti, uihifadhi kwenye simu. Hofu ikikushika, ifungue usome mstari wa mwisho. Mara moja inatosha. Ukishaisoma mara kumi kwa siku, ripoti yenyewe imegeuka kuwa chakula cha hofu.

3. Toka gizani

Ushauri wa zamani ulikuwa kujifungia chumbani, pazia chini, simu mbali, mpaka dalili zote zikuage. Wataalamu wameubadilisha. Kwenye mkutano wa kimataifa wa mtikiso wa ubongo michezoni, uliofanyika Amsterdam mwaka 2022, walikubaliana kwamba mapumziko ya saa 24 hadi 48 za mwanzo yanafaa, tena mapumziko ya kadiri: kazi ndogo za nyumbani sawa, kutembea kidogo sawa, ila skrini uipunguze. Baada ya hapo, kulala gizani siku nenda siku rudi huweza kurefusha ugonjwa. Na mtu aliyelala gizani ana kazi gani nyingine zaidi ya kusikiliza kichwa chake?

Kwa hiyo siku ya tatu, fungua pazia. Oga. Kaa kwenye roshani dakika kumi utazame majirani wakianika nguo.

4. Jifunze hesabu ya “mbili na saa moja”

Ukisahau vidokezo vyote, hiki kibaki. Kabla ya kufanya jambo lolote, jipe alama ya dalili zako kutoka 0 hadi 10. Sifuri ni “sina neno”, kumi ni “nipelekeni hospitali”. Fanya jambo lako, kisha jipe alama tena. Dalili zikipanda kwa alama moja au mbili tu, na zikashuka ndani ya saa moja, umefaulu. Hujaharibu kitu. Zikipanda zaidi ya hapo au zikikataa kushuka, simama, pumzika, na kesho fanya kidogo kuliko leo.

Tuchukue mfano wa maduka ya Sarit Centre, pale Westlands. Unaingia na alama 2. Taa za supamaketi zinawaka hadi kwenye sakafu, kigari cha mtu kinapiga kelele, spika inatangaza ofa ya mafuta ya kupikia, na mbele yako kuna rafu nzima ya biskuti ambayo macho yanatakiwa kuisoma kwa mkupuo. Ukifika kwenye maziwa uko 4. Zamani ungeacha kikapu sakafuni ukimbie nje na kusema, “Nimejiumiza tena.” Sasa unajua: 4 bado iko ndani ya mipaka. Lipa, toka, kaa kivulini. Baada ya nusu saa jipime. Ukikuta umerudi 2, kesho kutwa nenda tena. Ukikuta uko 6 na jioni imeingia, safari ijayo nenda asubuhi mapema kukiwa hakuna watu, na orodha ya vitu vitatu tu.

Ubongo unaopona una nguvu za kupimwa, kama tokeni za stima mwisho wa mwezi: hazijaisha, ila huwezi kuwasha pasi, heta na jiko kwa wakati mmoja. Dalili zikipanda kidogo, maana yake umetumia yuniti nyingi. Haimaanishi nyumba imeungua.

5. Pima mara moja, kisha funga daftari

Tumesema ujipime, lakini hatukusema uwe karani wa kichwa chako kutwa nzima. Kadiri unavyochungulia dalili ndivyo unavyozipata. Mwenye kutafuta kizunguzungu hakikosi. Nje ya ile hesabu ya kabla na baada, andika hali yako mara moja kwa siku, mistari miwili, halafu funga.

Na wasiwasi wenyewe? Upe saa ya miadi. Dakika kumi na tano, tuseme saa kumi na moja jioni, kaa chini uwaze kila balaa unayotaka kuiwaza. Ikikujia saa nne asubuhi katikati ya mkutano, iambie, “Njoo jioni.” Inasikika kama mchezo wa watoto, lakini washauri nasaha huutumia kila siku, na mara nyingi ikifika hiyo saa kumi na moja utakuta huna jipya la kuwaza.

6. Ni ubongo au ni wasiwasi?

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, na si kosa lao. Wasiwasi peke yake huleta kizunguzungu, kichwa kubana, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, kukosa usingizi, akili kushindwa kutulia. Sasa rudia orodha ya dalili za mtikiso wa ubongo. Unaona? Zimefanana mno. Ndiyo maana unaweza kuogopa, ukapata kizunguzungu kwa sababu ya kuogopa, ukaogopa zaidi kwa sababu ya kizunguzungu, na gurudumu likaendelea kuzunguka bila kichwa kuguswa na kitu.

Kipimo cha haraka ni saa ya mkononi. Shambulio la hofu kwa kawaida hupanda kasi, hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha huteremka. Tazama saa, keti, weka nyayo zote mbili sakafuni. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita, kana kwamba unapoza uji. Rudia kwa dakika tatu. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakoutuliza mwili, kwa hiyo usijisumbue kujaza kifua mpaka mabega yaguse masikio. Hali ikiteremka, andika kwenye daftari: “Ulikuwa wasiwasi.” Isipoteremka, una karatasi kwenye friji, ifuate. (Na kama maumivu yako ni ya kifua badala ya kichwa, usianze kuhesabu pumzi, nenda ukaonwe.)

7. Nenda Karura, kwa miguu

Kutembea ni dawa ya bei nafuu, na huku kwetu Nairobi tumejaliwa mahali pa kuimeza. Aliye karibu na Chiromo ana bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, yenye vijia na tumbili wasio na adabu. Aliye upande wa Parklands na Barabara ya Limuru ana msitu wa Karura.

Karura ina ujumbe wake kwa mtu aliyeumia kichwa. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda pale kupanda mti kupinga msitu kugawiwa wajenzi, akavamiwa yeye na wenzake na kupasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi cha Muthaiga kupiga ripoti, akatia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Harakati hazikuzimwa, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Rais Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 yule mama akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Leo unaingia langoni, unavuta hewa ya mikaratusi, na hakuna anayekurushia rungu. Si haba.

Namna ya kufanya: siku ya kwanza dakika kumi na tano, mwendo ambao bado unaweza kuongea nao bila kuhema. Ongeza dakika tano kila ukimaliza bila kuvunja hesabu ya “mbili na saa moja”. Vaa viatu vyenye kushika ardhi, na baada ya mvua kaa kwenye njia pana, kwa sababu mizizi iliyoloa haina huruma. Baiskeli za kukodi zitakuita pale langoni. Zipungie mkono. Zamu yake itafika.

Nenda na mtu kwanza. Safari ya tatu au ya nne mwambie akusubiri langoni. Hofu hupungua zaidi siku unayogundua kwamba ulikwenda peke yako na ukarudi.

8. Kabati si ajali

Itatokea tu. Utajigonga kidogo kwenye mlango wa gari, mtoto atakurukia kitandani, kichwa chake kigonge kidevu chako, na damu itakusimama. Je, nimeanza upya?

Tuseme ukweli wote. Ni sahihi kwamba pigo kubwa kabla ubongo haujapona ni hatari, na ndiyo sababu madaktari hawataki urudi uwanjani mapema. Lakini kujigonga kidogo kwenye kabati si kuanguka kutoka kwenye pikipiki. Jiulize maswali matatu. Je, nilizimia, au kuna dakika ambazo sizikumbuki? Je, kuna dalili mpya, au za zamani zimepanda ghafla na hazishuki? Je, pigo lilikuwa zito kiasi kwamba lingemtokea mwenzangu ningempeleka hospitali? Ukijibu ndiyo hata mara moja, kaonwe. Ukijibu hapana mara tatu, weka kitambaa cha baridi, jipime baada ya saa moja, endelea na maisha. Kisha funga lile kabati.

9. Panda ngazi ya kurudi barabarani

Kama uliumia barabarani, akili yako imeshaunganisha honi na maumivu. Kuikwepa barabara kunakupa raha leo, na kesho hofu inaamka ikiwa kubwa zaidi. Kujitupa kwenye boda saa kumi na mbili jioni pale Waiyaki Way nako si ujasiri, ni ubishi. Katikati ya hayo mawili kuna ngazi, na wewe ndiye fundi wake.

Kwa mfano: kwanza tembea mpaka stejini, simama dakika kumi utazame matatu zikijaza, rudi nyumbani. Fanya hivyo mpaka iwe kazi ya kuchosha. Halafu panda saa nne asubuhi, msongamano ukiwa umepungua, ushuke Museum Hill. Halafu fika mjini na urudi. Halafu jaribu saa za watu wa ofisi. Kila hatua ipe alama ya hofu 0 hadi 10, na usipande nyingine mpaka hofu ya hatua uliyopo ipungue walau kwa nusu. Ukiteleza, shuka hatua moja. Usishuke ngazi nzima.

Chagua kiti. Nyuma kabisa ndiko tuta linakokurusha mpaka darini, na kile kilicho chini ya spika tusikizungumzie. Ikija ile matatu yenye taa za zambarau na muziki unaotikisa vioo, mpungie makanga. Nyingine iko nyuma yake. Funga mkanda hata kama wote wanakutazama. Kanuni za usafiri zinazoitwa za Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ziliweka mikanda kwenye matatu kwa sababu, na wewe sasa unaijua sababu hiyo kuliko abiria wote.

Boda iwe ya mwisho. Sisemi uiache milele. Nairobi bila nduthi ni nadharia. Lakini kanuni za pikipiki za mwaka 2015 za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, zinamtaka mwenye pikipiki awe na helmeti na jaketi linalong'aa kwa ajili ya abiria, na abiria ni mmoja. Ile helmeti inayoning'inia kwenye kioo cha pembeni, kamba imekatika, sponji imetoka, haikufai. Nunua yako. Ivae, kaza kamba ya kidevuni mpaka vidole viwili tu vipite, kisha geuza kichwa taratibu: helmeti ikibaki nyuma kichwa kikienda, ni kubwa. Uliyoanguka nayo usiirudie hata ikionekana nzima, maana povu la ndani likishabonyea halirudi. Helmeti nzuri inazuia mabaya makubwa zaidi, haikuhakikishii kwamba hutatikiswa tena, kwa hiyo mwendo wa dereva nao ni wako kuusemea. “Kaka, pole pole, nimetoka hospitali” hufanya kazi ajabu.

Gari lako mwenyewe? Usishike usukani mpaka daktari akubali.

10. Ofisini: nusu siku yenye heshima

Usirudi Jumatatu saa mbili asubuhi na barua pepe zote za wiki. Omba kuanza kwa nusu siku, mikutano michache, kiti kilicho mbali na taa kali na mlango. Kwenye kompyuta, punguza mwanga, kuza maandishi, na kila dakika ishirini inua macho utazame mbali nje ya dirisha. Westlands haikosi jengo jipya la kukagua.

Ujue na haki yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Kama uliumia ukiwa kazini, ipo pia sheria ya fidia ya mwaka 2007, ile wanayoiita WIBA. Toa taarifa mapema, tena kwa maandishi. Mtu anayejua kwamba kazi yake iko salama hulala vizuri zaidi, na usingizi ndio dawa yenyewe.

Wanafunzi nao wafuate mpangilio huu: darasa kwanza, uwanja baadaye. Mtoto ambaye bado hawezi kumaliza kipindi cha hisabati bila kuumwa kichwa hana kazi kwenye kandanda.

11. Raga itakungoja, Electric Avenue nayo

Kwa wachezaji, kurudi uwanjani kuna hatua sita: shughuli za kawaida zisizozidisha dalili, mazoezi mepesi ya mwili hadi ya wastani, mazoezi ya mchezo wako ukiwa peke yako, mazoezi na timu bila kugusana, mazoezi kamili ya kugusana, halafu mechi. Kila hatua angalau saa 24, na kabla ya kuingia kwenye hatua zenye uwezekano wa kugongwa, dalili ziwe zimekwisha na daktari awe ameridhia. Kocha kukupigia simu Ijumaa usiku kwamba winga ni mgonjwa hakumo kwenye orodha. Tena, ukirudi huku unaogopa, mwambie kocha. Mchezaji anayefumba macho akienda kukaba huweka kichwa mahali pabaya, kwa hiyo omba muda wa kurudia mbinu ya kukaba kwa mwendo wa chini, ukianzia kwenye magoti, kabla ya mtu wa kilo mia kuja na kasi zake.

Kuhusu Electric Avenue, ule mtaa wa kumbi za starehe wa Westlands: pombe iache kabisa mpaka upone. Inavuruga usingizi, inaficha dalili, na inaongeza nafasi ya kuanguka. Ukiishi karibu na hizo kumbi, vizibo vya masikio usiku ni halali. Mchana vitoe. Miwani ya jua ndani ya nyumba nayo ivue kidogo kidogo, kwa sababu macho na masikio yakizoea kufichwa huzidi kuwa mepesi kuumia.

Dawa za maumivu: zile za kununua kioskini, mbili mbili, baadhi zina aspirini ndani, na siku za mwanzo baada ya kugongwa kichwa hutaki kitu kinachozuia damu kuganda. Soma kipakiti au muulize mfamasia. Ukijikuta unameza zaidi ya siku mbili tatu kwa wiki, mweleze daktari, kwani dawa nazo zikizidi huanza kuleta maumivu ya kichwa ya kwao.

12. Chagua msemaji mmoja, na mjue wa kumwona

Familia inakupenda. Ndiyo maana shangazi amepiga simu mara tano kusema usilale, utazimia usingizini. Mwambie kwa upole: “Shangazi, daktari ameshanikagua, na amesema usingizi ni dawa.” Halafu teua mtu mmoja nyumbani awe msemaji wako. Yeye ndiye anayejua alama zako, yeye ndiye anayejibu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na yeye ndiye mwenye ruhusa ya kusema, “Leo umezidisha, kaa chini.” Wengine wote walete matunda.

Kama mwezi umepita na dalili bado zipo, au kama hofu imekuzuia kazi, safari au usingizi kwa wiki kadhaa, usijikaze kisabuni. Rudi hospitali uombe kuonwa na mtu anayeshughulika na hali hizi. Kwa wa Westlands, karibu kuna hospitali za Aga Khan na M.P. Shah, zote ziko Parklands. Kenyatta iko ng'ambo ya mji, na Mathari iko Barabara ya Thika kwa mambo ya akili na hisia. Kizunguzungu kinachong'ang'ania kina mazoezi yake, shingo iliyoumia pamoja na kichwa ina mtaalamu wake wa viungo, na hofu ina mshauri nasaha au mwanasaikolojia, ambaye atakusaidia kujenga ile ngazi ya kidokezo cha 9 kitaalamu zaidi. Ukifika mahali pa kuwaza kujidhuru, usingoje miadi: piga 1199 leo, na umwambie mtu aliye karibu nawe.

Siku ya miadi, nenda na daftari lako. Daktari ana foleni, wewe una usahaulifu, kwa hiyo andika maswali matatu juu ya ukurasa: lini naweza kuendesha gari, lini naweza kurudi kazini siku nzima, na nikipata pigo jingine nifanye nini. Usiondoke kabla hayajajibiwa. Na kama unatumia bima ya afya ya SHA, uliza wanachogharamia kabla hujapanga foleni ya malipo, maana hapo ndipo kichwa cha mtu mzima asiye na tatizo lolote huanza kuuma.